Mama Aliyekaa Mwisho wa Benchi

Mwezi huu barua nyingi ni za chanjo, na karibu zote zimetoka kwa watu wa jamii ndogo au kwa wanaofanya kazi nao. Nimechagua nne. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, kazi ya kujitolea. Katika eneo langu kuna kaya kama arobaini za jamii ndogo yenye lugha yake. Wengine walizaliwa hapa hapa, wengine wamehamia. Watoto wao wengi hawajamaliza chanjo. Nimepita nyumba kwa nyumba, nimegawa vipeperushi, nimeonyesha hadi picha za watoto wenye surua. Akina mama wananiitikia "ndiyo, ndiyo", lakini siku ya kliniki siwaoni. Mwenzangu anasema nisipoteze nguvu, hawa ni watu wagumu kwa asili yao. Nifanyeje?
*Mhudumu aliyechoka*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Hiyo "ndiyo" yao naijua. Mtu akibishiwa hodi na mgeni aliyevaa kitambulisho shingoni, akaulizwa jambo kwa lugha asiyoimudu vizuri, jibu la adabu na la usalama ni "ndiyo". Maana yake ni "nimekusikia, sasa niache nipumue". Usiihesabu kuwa ni ahadi.

Nilifanya kazi ya chanjo miaka ishirini na sita. Mwanzoni nilikuwa kwenye kituo ambacho sitakitaja. Asubuhi moja aliingia mama wa jamii kama hiyo unayoniandikia, mtoto mgongoni, na binti yake wa miaka kama minane kando yake wa kumtafsiria. Nikafungua kadi. Mtoto alikuwa na miezi kumi na minne, na mara ya mwisho kuchomwa sindano alikuwa na wiki kumi. Nikauliza kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia: "Ulikuwa wapi miezi yote hii?" Yule binti alinitazama, akamtazama mama yake, kisha akainamisha kichwa. Hakutafsiri. Na mama hakuhitaji tafsiri, sauti yangu ilimtosha. Alimfunga mtoto mgongoni upya, akakaza fundo mara mbili, akatoka. Kwenye daftari nikamwandika mtoro.

Ilipita miezi kadhaa ndipo jirani yake aliponieleza. Mama yule alikuwa amekuja mara mbili kabla ya siku ile.

Mara ya kwanza aliambiwa arudi wiki ijayo. Wewe unajua sababu, ila wasomaji wengine hawaijui. Chanjo ya surua ni ya unga, na mara nyingi huja kwenye kichupa cha dozi kumi. Kikishachanganywa na maji yake hakikai: baada ya saa sita, au kliniki ikifungwa kabla ya hapo, kilichobaki kinatupwa. Basi nesi anayeogopa kuulizwa habari za dozi zilizopotea hungoja watoto wakusanyike, na aliyekuja peke yake hurudishwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Nakubaliana nalo kabisa. Dozi tisa zikimwagwa zitaagizwa nyingine, lakini mama aliyerudishwa mlangoni hupati uhakika kwamba utamwona tena.

Mara ya pili alikaa mwisho wa benchi tangu asubuhi. Jina lake liliitwa, ila lilitamkwa vibaya kiasi kwamba hakujua kuwa ndilo lake. Waliokuja nyuma yake wakahudumiwa, chumba kikafungwa. Mara ya tatu ndiyo akanikuta mimi.

Mama aliyekuja mara tatu nilimwandika mtoro kwa mkono wangu. Nilimfuata nyumbani kwake na jirani yule, nikamwomba radhi, na mtoto tukamchanja wiki ile ile. Lakini tangu hapo kila nikisikia mtu anasema "wale hawapendi chanjo" huwa namuuliza: umewauliza?

Kwa hiyo uliza kabla ya kuhamasisha. Usianze na "kwa nini hukuja", maana hilo ni swali la polisi. Sema, "Mara ya mwisho ulipokwenda kliniki, ilikuwaje?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Utasikia ambayo hayamo kwenye kipeperushi chochote: kwamba siku ya kliniki ni siku ambayo hana wa kumwachia wale wawili wakubwa, kwamba mtoto wa kwanza alipata homa kali baada ya chanjo na hakuna aliyemwambia mapema kwamba itatokea, kwamba anaogopa kuulizwa vibali vya kuishi. Hili la vibali usilijibu kwa kubahatisha. Nenda kwa mkuu wa kituo, ulizia kama kuna anayeviangalia pale, upate jibu la uhakika, ndipo urudi nalo. Ukiwaahidi jambo likaja kuwa uongo, umezifungia mlango kaya zote arobaini.

Picha za kutisha ziweke kabatini. Mama aliyekwishaogopa ukimwongezea hofu hatoki nyumbani, anajifungia. Vipeperushi navyo vina kikomo. Kuna akina mama wanaozungumza lugha yao vizuri sana lakini hawakufundishwa kuisoma, na ya kwako wanaisoma kwa kuungaunga. Tafuta katika kaya hizo mama mmoja ambaye watoto wake wamemaliza chanjo. Yupo, yupo siku zote. Mwombe arekodi ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa lugha yao: mwanawe alichomwa wapi, alilia kiasi gani, usiku ule ilikuwaje. Ujumbe huo utasambaa zaidi kwenye simu zao usiku mmoja kuliko miguu yako itakavyotembea mwezi mzima. Na mkalimani awe mtu mzima. Sitasahau macho ya yule binti wa miaka minane, tuliyemtwika maneno ambayo hakustahili kuyabeba.

Sasa huyo mwenzako. Msimulie habari ya Wasomali wa Minnesota, Marekani. Mwaka 2004, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wa jamii ile walikuwa wamepata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela walipofika miaka miwili. Walikuwa wageni, Waislamu, wengi wametoka kwenye kambi za wakimbizi, na walichanja. Kufikia 2014 waliochanjwa walikuwa wamebaki 42 tu kati ya 100. Dini haikubadilika, lugha haikubadilika. Kilichotokea katikati ni kwamba wazazi waliona watoto wao wengi wanawekwa kwenye madarasa ya wenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto apate shida ya kuzungumza na kuhusiana na watu), wakauliza sababu, na hawakupata jibu la kuwatuliza. Mahali palipokosa jibu pakaingia wapinga chanjo na jibu lililokwisha tayarishwa. Hata Andrew Wakefield, daktari aliyeanzisha madai kwamba chanjo ile inaleta usonji, alifika mwenyewe kuzungumza na wazazi. Mwaka 2017 surua ikaingia. Wagonjwa 75, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuwa wamechanjwa. Waliosaidia kuwarudisha wazazi kliniki walikuwa wahudumu wa afya Wasomali na maimamu wao, kwa mazungumzo marefu ya ana kwa ana. Huo ugumu wa asili, mwanangu, ulikuwa wapi mwaka 2004?

Kuna Msomali mwingine ninayependa kuwasimulia akina mama wenye hofu. Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia. Mwaka 1977 alikuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, chanjo ipo, ila aliikwepa kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya polio, akawa anakaa na wazazi wanaosita na kuwaeleza kisa chake mwenyewe. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado kwenye kazi hiyo. Nikimtaja huwa naona mabega ya mama yanashuka, kwa sababu hapo hofu imepewa jina na haijachekwa.

Na usingoje takwimu za mji mzima zikuridhishe. Ili surua isienee inatakiwa watu kama 95 kati ya 100 wawe na kinga, lakini kirusi chake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, 9 huambukizwa. Mji unaweza kuwa na wastani mzuri kabisa huku kaya zako arobaini, zinazoshirikiana harusi, ibada na malezi, zikiwa wazi. Surua itazitafuta hizo hizo.

Mama Nesi, mimi ni mama wa watoto wawili, Muislamu, na hapa tunapoishi tuko wachache. Nimeambiwa chanjo ya surua ina nguruwe ndani. Nilipomuuliza nesi alisema "usijali". Pia mtoto wa dada yangu alichanjwa, baada ya wiki chache akaacha kusema maneno aliyokuwa anayasema, na sasa ameambiwa ana usonji. Naogopa kumpeleka wangu wa mwisho.
*Mama mwenye maswali*

Mwanangu, "usijali" si jibu, na nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yangu.

Zipo chanjo za surua zenye jelatini ya nguruwe, ambayo hutumika kuilinda chanjo isiharibike. Zipo pia zisizo nayo. Uingereza, kwa mfano, imekuwa ikitumia aina mbili za chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, moja inayo na nyingine haina, na mzazi anaruhusiwa kuomba ile isiyo nayo. Kwa hiyo rudi uulize hivi: "Chanjo mliyonayo leo ina jelatini ya nguruwe? Kama inayo, naweza kupata nyingine, na lini?" Jibu liko kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Kuhusu hukumu ya dini, mwaka 1995 wanazuoni wa Kiislamu zaidi ya 100 walikutana Kuwait na kusema kwamba kitu kikishageuzwa kabisa kuwa kingine, kama jelatini ilivyogeuzwa, hukumu yake hubadilika. Wapo Waislamu wanaoridhika na hilo na wapo wasioridhika. Kaa na sheikh unayemwamini. Mimi si wa kukuamulia.

Kuhusu mtoto wa dada yako, nakupa pole kwanza. Mliona mlichokiona, na atakayewaambia hamkuona anawakosea. Ninachoweza kukueleza ni hiki: dalili za usonji kwa watoto wengi hujitokeza wazi kati ya mwaka mmoja na miwili, na umri huo ndio wa chanjo hii. Mambo mawili yakifuatana hivyo, moyo wa mzazi unayaunganisha. Wangu pia ungeyaunganisha. Wakefield niliyemtaja juu alitoa andiko lake mwaka 1998 kwa kuangalia watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lililolichapa liliondoa andiko hilo, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Huko Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakawalinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa, na mwaka 2019 wakatoa matokeo: usonji haukuongezeka kwa waliochanjwa.

Ukimpeleka huyo wa mwisho, kumbuka homa ya chanjo hii haiji siku ile ile. Huja kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili, wakati mama amekwishasahau habari ya sindano, na pengine vipele vidogo vikatokea. Mara chache sana homa hiyo huleta degedege. Inatisha kuitazama, na ikitokea mpeleke hospitali mara moja, lakini kwa kawaida hupita bila kumwachia mtoto madhara. Surua yenyewe huleta homa na degedege mara nyingi zaidi, na kwa mtoto kama 1 kati ya 1,000 huvimbisha ubongo. Muulize nesi kabla hujatoka: homa ikija nimpe nini, kiasi gani, na nikiona nini nirudi? Muombe aandike.

Shikamoo Mama. Nina mimba ya miezi sita. Kliniki wanataka kunichoma sindano ya pepopunda na nyingine ya kifaduro. Mama mkwe amekataa. Anasema ya pepopunda inafunga kizazi, wanataka kutupunguza kwa kuwa sisi ni wachache, na kwamba mambo haya ya chanjo ni ya wenyeji wa hapa, si ya watu wetu.
*Mkwe wa kwanza*

Marahaba. Mama mkwe usibishane naye mbele za watu. Hofu yake haikuota yenyewe. Watu wa jamii za wachache wamewahi kutendewa mabaya na waganga wa serikali. Huko Alabama, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa wao utazamwe tu. Anayelinda ukoo wake ana haki ya kuuliza.

Ila kwa hili la kizazi, mwonyeshe kadi yako. Ina nafasi za sindano tano za pepopunda, na mwanamke ambaye hakuchanjwa utotoni hupewa zingine katika mimba zinazofuata. Sindano ya kufunga kizazi ingewekewa wapi nafasi ya mimba ya pili na ya tatu? Kisha mtafute mwanamke wa ukoo wenu aliyechomwa akiwa na mimba ya kwanza na leo ana watoto watatu, aje akae naye. Mwaka 1988 pepopunda ya watoto wachanga ilikadiriwa kuua watoto 787,000 duniani. Mwaka 2018 makadirio yalikuwa 25,000. Uzazi salama na kitovu kukatwa kwa kifaa safi vimechangia, na chanjo hii ya akina mama imechangia sana.

Ile ya kifaduro ni kwa ajili ya wiki za mwanzo za mtoto. Yeye mwenyewe huanza kuchanjwa dhidi ya kifaduro akiwa na wiki sita au miezi miwili, na ugonjwa huo huua zaidi kabla ya hapo. Ukichomwa wewe sasa, kinga inampitia kwenye kondo la nyuma na anazaliwa nayo.

Na kuhusu chanjo kuwa ya wenyeji, mweleze habari ya Onesimus. Alikuwa Mwafrika aliyefanywa mtumwa huko Boston. Ndiye aliyemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, jinsi kwao walivyokingwa na ndui kwa kuchanjwa ngozi na kutiwa usaha kidogo wa mgonjwa. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari mmoja alijaribu njia hiyo. Kati ya waliougua bila kukingwa alikufa kama 1 kati ya 7. Kati ya waliokingwa, kama 1 kati ya 40. Hiyo ni miaka 75 kabla ya Edward Jenner, daktari Mwingereza anayesifiwa kwa kuanzisha chanjo ya ndui. Elimu hii ilibebwa na mtu aliyekuwa mgeni, mchache, na asiye na uhuru.

Kadi ya mtoto imepotea tulipohama. Ana miaka miwili, na sijui alipata zipi. Nimeahirisha kwenda kwa sababu najua nitafokewa, na lugha yenyewe naongea kidogo. Lazima aanze upya?
*Mama wa Ijumaa*

Hapana mwanangu, haanzi upya. Dozi aliyokwisha kupata haifutiki kwa kuchelewa, anaendelea pale alipoishia. Kituo cha zamani kikiwa kinapatikana kwa simu, daftari lake linaweza kuwa na jina lake. Mtazame pia bega: kovu dogo la mviringo mara nyingi ni la chanjo ya kifua kikuu aliyopewa alipozaliwa, ingawa kutokuwepo kwake si ushahidi kwamba hakuchanjwa. Isipojulikana kabisa alipata ipi, kwa kawaida hupewa tena, na dozi ya ziada ya chanjo nyingi za utotoni haina madhara makubwa. Chache zina kikomo cha umri, kama ile ya matone ya kukinga kuharisha, hizo nesi atakwambia.

Nenda mapema, mvalishe nguo inayofunguka kwa urahisi pajani na mkononi. Kama bado ananyonya, mnyonyeshe wakati anachomwa, inapunguza maumivu kweli. Zoea sentensi moja tu: "Kadi imepotea, ana miaka miwili, naomba tuendelee." Akikufokea, omba kuonana na msimamizi wa zamu, na usiondoke. Jina lako na la mtoto litamke mwenyewe pale dirishani, polepole, mara mbili, ili atakayekuja kuita alisikie lilivyo. Halafu kaa benchi la mbele.